Fundo moja kabla ya kufika Gatamaiyu

Ukiingia City Market kutoka Muindi Mbingu Street, msomaji, utakuta samaki wamelazwa juu ya barafu, na hatua chache kutoka hapo wauzaji wa shanga. Shanga hizo hutungwa kwa nailoni, nyuzi za ukoo mmoja na mshipi wa mvuvi.

Uzi huo ndio unaoamua safari yako. Kutoka katikati ya jiji utashika Waiyaki Way, upite Westlands, Kangemi, Uthiru na Kinoo, kisha upande Limuru hadi msitu wa Kereita, kwenye Mto Gatamaiyu wenye samaki aina ya trauti. Trauti si wa kwetu: Ewart Grogan alileta mayai yao kutoka Uskoti mwaka 1905, yakatiwa Mto Gura.

Trauti huvuliwa kwa nzi bandia, yaani manyoya yaliyofungwa juu ya ndoana ndogo. Uzi wa mwisho, ule unaoshika nzi, hupimwa kwa herufi X. Namba ikipanda, uzi unakuwa mwembamba. 5X una unene wa milimita 0.15, nao hukatika kwa uzito wa kilo 2 hivi. Gawanya namba ya ndoana kwa 3: ndoana namba 14 hutaka 5X. Usidanganywe na uzi mnene. Ni mgumu, nzi haelei vizuri, na trauti, mwenye macho makali ajabu, hamgusi.

Uzi hukatikia wapi? Mara nyingi kwenye fundo. Samaki huondoka na ndoana mdomoni, na hapo hakuna aliyefaidi, wewe wala yeye. Basi jizoeze nyumbani pamoja na watoto, kwa uzi mnene kwanza. Pitisha ncha katika tundu la ndoana, izungushe mara 5 kwenye uzi wenyewe, irudishe katika kitanzi kidogo kilicho karibu na tundu, halafu uipenyeze katika kile kikubwa kilichojitokeza. Lilowanishe fundo kwa mate, kwani nailoni kavu ikisuguana hupata joto na kudhoofika. Vuta polepole, kisha uvute kwa nguvu. Likiteleza, kata ufunge upya. Uzi uliokaa sana juani utupe, hata kama ni ghali.

Kata leseni ya kuvulia kabla ya kuondoka. Na vipande vya nailoni virudi nawe mfukoni. Ndege wa mtoni hunaswa miguu navyo.