Nkombo: Tundu Halipo, Njia Ipo

Msafiri anayesimama juu ya vilima vya Kamembe, katika Wilaya ya Rusizi, kusini magharibi mwa Rwanda, akitupa macho upande wa kaskazini huona visiwa vimetapakaa juu ya Ziwa Kivu. Mojawapo ni Nkombo, kisiwa chenye miteremko iliyolimwa tangu ukingo wa maji hadi kileleni. Sehemu hii ilikuwa katika Mkoa wa Cyangugu hadi mageuzi ya utawala ya mwaka 2006, na wazee wengi wangali wakilitaja jina hilo la zamani. Ng'ambo ya maji ni Kongo: mji wa Bukavu uko kusini, na kisiwa kikubwa cha Idjwi kiko kaskazini.

Wenyeji wa Nkombo ni Wanyarwanda, lakini nyumbani husema Amashi, lugha ya majirani zao wa upande wa Bukavu. Katika biashara Kiswahili huwasaidia sana. Kazi zao kuu ni kilimo na uvuvi wa sambaza, dagaa walioletwa Kivu kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Jioni huonekana mitumbwi mitatu mitatu, iliyounganishwa kwa miti mirefu, ikielekea vilindini na taa zake, na nyimbo za wapiga makasia husikika hadi nchi kavu.

Ziwa hili ndilo barabara ya watu wa Nkombo. Kwa mashua huenda sokoni, hospitalini na kwa jamaa zao. Lakini barabara hiyo si ya mchezo. Kina chake hufikia mita 485, na upepo ukizuka alasiri mawimbi hupanda ghafla. Msiba wa tarehe 3 Oktoba 2024, mashua ilipozama karibu na Goma, upande wa kaskazini wa ziwa hili hili, na makumi ya watu wakapoteza maisha, uliwakumbusha wakazi wote wa mwambao kwamba maji hayana mazoea.

Nimeanza na hayo ili msomaji aelewe kwa nini, katika ziara yangu kisiwani humo, nilivutiwa na jambo ambalo kwingineko lingeonekana dogo mno: mashine ya michezo ya watoto, kuukuu, iliyofunguliwa kifuniko juu ya meza ya fundi.

Mama mwenye mashine hiyo alinieleza habari zake. Mwanawe wa miaka kumi na minne alikuwa akivuka kwenda mjini kila likizo, kucheza kandanda ya televisheni katika vibanda vya michezo, ambako kila dakika hulipiwa. Mara nyingi alirudi jua limekwisha kuzama, na mama akasimama ufukoni akihesabu mashua. Mwishowe mjomba wa kijana akanunua mashine iliyotumika, ili mtoto acheze nyumbani. Haikumaliza miezi mingi ikakataa kusoma sahani zake. Safari za ziwani zikaanza upya.

Mashine yenyewe ni PlayStation 2 ya kampuni ya Sony ya Japani. Ilianza kuuzwa mwaka 2000, na utengenezaji wake ulikoma mwanzoni mwa mwaka 2013, baada ya kuuzwa zaidi ya milioni 150 duniani. Katika Afrika Mashariki imedumu muda mrefu kuliko ndugu zake wapya, kwa kuwa haidai intaneti na hukubali televisheni za kizamani. Udhaifu wake mkubwa ni jicho linalosoma sahani, yaani lenzi. Vumbi na miaka hulichosha, na likichoka, mashine nzima huhesabiwa kuwa imekufa.

Fundi, kijana wa kisiwani ambaye kazi yake ya kila siku ni kutengeneza redio, taa na simu, hakuihesabu hivyo. Aliigeuza juu chini, akasoma namba iliyo kwenye kibandiko, kisha akanionyesha mahali fulani katika ubao wake wa ndani.

"Kaka, tundu halipo," alisema, "lakini njia ipo."

Maneno hayo yanahitaji maelezo. PlayStation 2 za kwanza zilikuwa kubwa, na nyuma yake palikuwa na nafasi ya kuingizia diski ya kuhifadhia, kama ile iliyomo ndani ya kompyuta. Mwaka 2004 kampuni ilitoa mashine mpya, nyembamba na nyepesi, na katika kuipunguza umbo nafasi ile ikaondolewa. Mnunuzi akiitazama kwa nje hawezi kujua kwamba iliwahi kuwapo. Hata hivyo, katika toleo la kwanza la mashine hizo nyembamba, lile ambalo namba zake baada ya herufi SCPH huanza na 700, mafundi wa Sony walibakiza katika ubao njia za umeme zilizokuwa zikiihudumia diski. Mlango ulizibwa, lakini ushoroba wake haukubomolewa. Wapenzi wa vyombo hivi katika nchi mbalimbali waligundua jambo hilo, wakaanza kuunganisha nyaya katika vituo vile vidogo na kuirudishia mashine diski yake. Matoleo ya baadaye, tangu yale ya 75000, yalibadilishwa ubao, na njia hiyo ikatoweka.

Kwa hiyo namba iliyo chini ya mashine ndiyo inayoamua kama kazi hii itawezekana. Ya mama huyu ilianza na 700.

Kazi yenyewe ni ya subira. Nyaya zinazotakiwa ni zaidi ya ishirini, nyembamba kama uzi wa kushonea, na kila moja hulehemiwa katika kituo chake kwa tone dogo la risasi. Matone mawili yakigusana, mashine huweza kuharibika kabisa. Fundi alitumia diski iliyotolewa katika kompyuta kuukuu ya mkononi. Diski ya namna hiyo huhitaji volti 5 tu, tofauti na zile kubwa za kompyuta za mezani, ambazo huhitaji volti 12 pia. Jaribio la kwanza halikufaulu, diski ikawa kimya. Alichukua kipimaumeme, akapima waya mmoja baada ya mwingine, akaona mmoja umegusa jirani yake. Akausafisha na kuulehemu upya. Jioni ile diski ikaanza kuzunguka, na kwa msaada wa programu iliyowekwa katika kadi ya kumbukumbu, mchezo ulionekana katika televisheni bila sahani kuguswa.

Mtu ataweza kuuliza: mbona mashine hiyo nyembamba ina matundu mawili ya USB, kwa nini yasitumike? Yanaweza kutumika, na wengi huyatumia. Lakini ni ya aina ya zamani, yenye mwendo wa pole, hivi kwamba baadhi ya michezo hukwamakwama. Njia ya diski haina shida hiyo.

Lipo na suala la umeme. Si mbali na hapo, Mto Ruzizi unapotoka ziwani kuelekea Tanganyika, mitambo imezalisha umeme tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, na mtambo wa Ruzizi ya Pili, unaomilikiwa kwa pamoja na Rwanda, Burundi na Kongo, ulianza kazi mwaka 1989. Hata hivyo, nyumba za visiwani zilikaa gizani kwa miaka mingi baadaye, na hadi leo nyingi hutegemea paneli za jua. Kwa bahati nzuri mashine hii ya toleo la 700 hulishwa kwa volti 8.5 kutoka katika kipozaumeme cha nje. Kwa hiyo betri ya jua ya volti 12 huweza kuilisha pia, mradi kiwepo kifaa cha kushusha volti kati yao. Atakayeiunganisha moja kwa moja na betri ataiunguza.

Kwa familia zetu za kambini, ambazo huhamishwa mara kwa mara na kubeba vyombo vyao kutoka kituo hadi kituo, yapo ya kujifunza hapa. Kwanza, kabla ya kutupa chombo kilichoharibika, soma namba yake na umwonyeshe fundi anayejua kupima. Pili, kazi ya kulehemu isifanywe jikoni wala karibu na watoto wadogo, kwa sababu risasi ni sumu. Dirisha liwe wazi, na mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kula. Tatu, mtu asiye fundi asifungue kamwe televisheni ya kioo kinene, kwani huhifadhi umeme mkali hata baada ya kuchomolewa. Nne, michezo iliyomo katika diski iwe ile uliyoinunua kihalali, maana kazi ya mtunzi ni mali yake, na nyumba ya mlinzi wa sheria haifai kuwa ghala la vitu vya magendo.

Nilimwuliza mama yule anaionaje kazi ya fundi. Alicheka kidogo.

"Mimi hayo ya waya siyajui," alijibu. "Ninalojua ni kwamba Jumapili mtoto alikuwa hapa sebuleni, na ziwa lilikuwa limechafuka."

Hakika si kila mashine itafufuka, na si kila mtoto atakaa nyumbani kwa sababu ya mchezo. Mama mwenyewe ameweka saa ya kuiwasha na saa ya kuizima, na masomo hutangulia. Lakini wahenga walituonya tusiache mbachao kwa msala upitao. Vitu vingi vinavyoitwa vikuukuu katika nyumba zetu vimefungwa mlango tu na waliovitengeneza, kwa sababu za bei au umbo, na njia zake za ndani bado ni nzima. Kinachotakiwa ni mtu wa kuvifungua kwa elimu na uangalifu, na vijana wenye elimu hiyo wamo hata katika visiwa ambavyo wengi wetu huvitazama kwa mbali tu kutoka vilimani.