Mvua ikiamsha maua, huamsha na mbu

Dar es Salaam haina majira ya kuchipua kama Ulaya. Ina mvua. Vuli inapoanza, kati ya Oktoba na Desemba, vumbi hulala na bustani ndogo za uani zilizokauka hubadilika ndani ya siku chache. Asumini hutoa vichipukizi, waridi hufunguka, na pale palipokuwa na udongo mtupu huchomoza bua moja lenye ua jekundu la duara kama mpira.

Ua hilo, ambalo wataalamu huliita Scadoxus multiflorus, asili yake ni Afrika. Wakati wa kiangazi majani yake hunyauka yote, na kitunguu chake hubaki chini ya ardhi kikisubiri maji. Asiyejua anaweza kulima hapo akapanda mchicha. Kitunguu hicho kina sumu, hakiliwi.

Huko Tabata, mwalimu mmoja mstaafu ana maua hayo kando ya ukuta wa nyumba. Aliyeyapanda ni marehemu mumewe, aliyeleta vitunguu vyake kutoka shambani ndani ya mfuko wa rambo. Kila yanapochanua, mama huyo huwaita wajukuu waje wayahesabu. Mwaka aliofariki mumewe yalikuwa manne. Safari hii yalitoka 11.

Mwezi mmoja baadaye, maua yakiwa yamekwisha na majani mapana yametanda, mjukuu wake wa miaka 6 alishikwa na homa kali. Kichwa kilimuuma, hasa nyuma ya macho, na viungo vilimuuma hata kubebwa hakutaka. Kipimo cha malaria kilionyesha hana. Siku ya tatu alipelekwa hospitali, damu ikapimwa tena, ikaonekana ni dengue.

Mtoto alipona. Lakini Jumamosi iliyofuata baba yake alitoka stoo na jembe mkononi.

“Mama, nisamehe, haya maua yanang’oka leo,” alisema. “Yanatuletea mbu. Nitamwaga zege, watoto wapate pa kuchezea.”

Hofu yake ilikuwa na msingi. Jiji limewahi kukumbwa na milipuko ya dengue, ukiwamo wa mwaka 2014 na wa mwaka 2019. Ugonjwa huo hauna dawa maalumu ya kuutibu. Mzazi aliyekesha siku tatu akimkanda mwanawe kwa maji hawezi kuambiwa kwamba bustani ni ukumbusho wa babu, akaridhika.

Mama hakubishana naye. Aliomba jambo moja tu.

“Baba, maua hayazai mbu. Maji ndiyo yanayozaa. Tuzunguke kwanza tuyatazame, ndipo ushike jembe.”

Kwenye vitunguu hawakukuta kitu, kwa kuwa udongo hunywa maji. Viluwiluwi waliwakuta kwenye visahani vilivyowekwa chini ya makopo ya rangi yaliyopandwa waridi. Waliwakuta ndani ya tairi lililopakwa chokaa kupamba njia, kwenye kopo la kunyweshea kuku, na katika pipa la maji lisilo na mfuniko. Pipa hilo alikuwa amelinunua kijana mwenyewe.

Jambo ambalo familia nyingi hazilijui ni habari ya mayai. Mbu anayeeneza dengue, aina ya Aedes, ni mweusi mwenye mistari myeupe miguuni. Hubandika mayai kwenye kuta za ndani za chombo, juu kidogo ya usawa wa maji. Chombo kikikauka, mayai hayafi. Yanaweza kukaa makavu kwa miezi kadhaa, na mvua ikijaza chombo yakaanguliwa. Yanasubiri maji kama kitunguu cha ua kinavyosubiri.

Ndiyo maana kumwaga maji pekee hakutoshi. Chombo kisuguliwe ndani kwa brashi na sabuni ili mayai yabanduke. Na kwa kuwa yai huchukua takriban siku 7 hadi 10 kuwa mbu kamili, kazi hiyo ifanywe kila wiki bila kuruka.

Zege halikumwagwa. Tairi lilitolewa, visahani vikajazwa mchanga, pipa likapata mfuniko. Jumamosi asubuhi ni zamu ya kusugua, na mkaguzi ni yule mjukuu aliyeugua. Hata hivyo, baba yake aliweka sharti: mtoto akiugua tena dengue, watakaa upya kuzungumzia bustani. Mama alikubali. Alisema hata marehemu angekubali.

Kwa familia zenye bustani msimu huu, kumbukeni kwamba mbu huyu huuma mchana, zaidi asubuhi na jioni kabla giza halijaingia. Mtoto anayelala mchana naye alale ndani ya chandarua.

Mtu akipata homa, msikisie kwamba ni malaria. Apelekwe akapimwe. Kama inashukiwa ni dengue, apewe maji mengi, na kwa maumivu atumie paracetamol kwa kipimo anachoelekezwa. Aspirini, ibuprofen na diclofenac ziepukwe, kwa sababu zinaweza kuongeza hatari ya kutoka damu. Homa ikishuka, msiache kumwangalia. Akiumwa sana tumbo, akitapika mfululizo, akitoka damu kwenye fizi au puani, au akilegea, arudishwe hospitali haraka.

Na wikiendi hii, kabla ya kumwagilia, inueni kila kopo la maua mtazame chini yake.