Kutafuta Nyumba Tunduma, na Kutembea hadi Kimondo

Kama wewe ni mkulima wa kahawa huku Mbozi, wajua kwamba baada ya mavuno huja majuma machache ambayo fedha imo nyumbani na kila mtu ana shauri lake juu yake. Siku hizi shauri linalosikika zaidi ni moja: nunua nyumba Tunduma, uipangishe. Sisi nasi tulikwenda kutazama, mimi na mke wangu na watoto wetu watatu. Napenda kukueleza tuliyoyaona, maana huenda mwakani ni zamu yako.

Tunduma kweli ni mji unaokua. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu wasiofika 100,000; ile ya 2022 ilipita 200,000. Barabara kuu ya kwenda Zambia hupita hapo, reli ya TAZARA vilevile, na njia ya Sumbawanga yaanzia hapo. Mwaka 2019 kilifunguliwa kituo cha pamoja cha mpakani, Tunduma na Nakonde, ili gari likaguliwe mara moja tu badala ya mara mbili. Madereva, mawakala wa forodha, wachuuzi, mama lishe, wote hao wahitaji mahali pa kulala. Kwa hiyo wapangaji hawakosekani. Nasema hivyo mapema ili usidhani nataka kukuvunja moyo.

Dalali alituonyesha nyumba ya vyumba vinane, bati jipya, sakafu ya saruji. Viwili alikaa mwenye nyumba na mkewe, na sita vina wapangaji. Bei, shilingi milioni 30. Kila mpangaji hulipa 40,000 kwa mwezi. Mke wangu, aliye hodari wa hesabu kuliko mimi, akaandika nyuma ya daftari la mtoto: 240,000 kwa mwezi, 2,880,000 kwa mwaka. Yaani vyumba hivyo vikijaa mwaka mzima, bati lisivuje wala choo kisijae, fedha yetu ingerudi baada ya miaka 10 na zaidi. Tena akiba yetu haikufikia bei hiyo. Iliyopungua tungeikopa, na dhamana ingekuwa shamba la kahawa, lile linalotulisha na kulipa ada ya binti yetu mkubwa.

“Nyumba italipa mkopo yenyewe,” akasema dalali.

“Na mwezi ambao chumba ni kitupu, nani atalipa?” akauliza mke wangu. Dalali akacheka tu.

Ilikuwa mwezi wa Oktoba, vumbi jekundu likipeperuka uani. Wakati mimi nikipima kuta kwa hatua, mke wangu alikwenda kuketi na mama mmoja mpangaji aliyekuwa akifua kwa maji kidogo sana.

“Dada, maji hapa mwapata wapi?”

“Bomba hutoa usiku, tena si kila usiku. Mengine twanunua kwa dumu.”

“Na wapangaji hukaa muda mrefu?”

“Mvua zikianza hukaa. Kiangazi huhama.”

Laiti tungalikwenda mwezi wa Machi, tusingaliuliza neno hilo, maana kila mahali maji yapo. Nyumba ya kupangisha itazamwe wakati wa ukame, na atazame mwanamke, kwa kuwa ndiye abebaye ndoo.

Tukaomba kuona karatasi. Palikuwa na mkataba wa mauziano wa zamani wenye mhuri wa mtaa, basi. Hati hakuna. Nikamwuliza dalali kama mke wa mwenye nyumba amekubali kuuza. Akajibu kwamba mama yuko kwao, na mambo ya nyumba ni ya baba. Sivyo, msomaji. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 hairuhusu mume kuuza nyumba wanamoishi wanandoa bila ridhaa ya mkewe. Mama huyo akirudi na kushitaki, wewe mnunuzi ndiwe utakayezunguka mahakamani. Tena kabla ya kutoa hata shilingi moja, nenda idara ya ardhi ya halmashauri ukaulize kama kiwanja kimepimwa, na kwa jina la nani. Mimi ni karani na napenda mihuri, lakini mhuri wa mtaa pekee haunitoshi.

Hatukutoa jibu. Kesho yake tuliwapeleka watoto Kimondo, kama tulivyokuwa tumewaahidi. Kutoka barabara kuu tulikwenda kwa mguu, saa tatu kwa mwendo wa watoto. Nchi wakati huo ni kavu, majani yameungua, kivuli ni cha kutafuta. Tulichukua maji lita tano na viazi vya kuchemsha. Nawe usipunguze maji. Kimondo kiko kwenye mteremko wa mlima Marengi: jiwe jeusi la chuma, urefu wake kama meta 3, uzito hukadiriwa tani 16. Katika kila sehemu 100, kama 90 ni chuma na nyingi ya zilizobaki ni nikeli. Wanyiha walikijua zamani; wageni walipata habari zake mwaka 1930, na tangu 1967 kinalindwa kisheria. Waweza kuona mahali watu walipokata vipande kwa msumeno. Mtoto wetu mdogo alikigonga kwa kokoto, kikalia kama kengele, akataka kujua nani aliyekinunua.

Njiani kurudi, watoto wakiwa mbele, mke wangu alisema hataweka shamba dhamana kwa ajili ya nyumba isiyo na maji. Tunacho kiwanja kidogo karibu na Mbozi Mission, ambako wauguzi wa hospitali na walimu hutafuta vyumba. Kodi ya huko ni ndogo kuliko ya Tunduma, hilo halifichiki. Lakini vyumba viwili twaweza kuvijenga kwa akiba tuliyo nayo, bila mkopo, na kisima kipo.

Matofali tumekwisha kuyachoma. Dalali amepiga simu mara mbili, na sasa bei ni milioni 27. Mke wangu amemwuliza kama mama mwenye nyumba amerudi.