Picha ya Umati na Majina ya Watu

Nyumbani kwetu Mbale imetundikwa ukutani picha iliyopigwa mjini Jinja kabla ya mwaka 1972. Ndani yake wamo wanaume thelathini na mmoja, wamesimama kwa safu tatu mbele ya lango la kiwanda cha nguo, na baiskeli nne zimeegemezwa kando. Wa tano kutoka kushoto, safu ya kati, ni marehemu baba yetu. Hao wengine thelathini hatukuwajua. Baba alikuwa akiwataja mmoja mmoja kila alipoitazama, nasi tukimsikiliza kwa sikio moja, kama watoto wanavyomsikiliza mzee mwenye hadithi nyingi. Alipofariki tulibaki na nyuso, majina akaenda nayo.

Tuliikumbuka picha hiyo ziliposikika habari za kifo cha Sebastião Salgado, mpiga picha Mbrazili aliyefariki Paris tarehe 23 Mei 2025, akiwa na umri wa miaka 81. Huenda msomaji akauliza mpiga picha anatuhusu nini sisi ambao kazi yetu ni lugha. Anatuhusu kwanza kwa sababu ya kahawa.

Salgado hakuanza maisha na kamera. Alizaliwa mwaka 1944 huko Aimorés, katika jimbo la Minas Gerais, akasomea uchumi, na mwaka 1969 yeye na mkewe Lélia wakaikimbia serikali ya kijeshi ya kwao na kuhamia Ufaransa. Mwaka 1971 aliajiriwa London na Shirika la Kimataifa la Kahawa, lile lililosimamia mapatano yaliyogawia kila nchi kiasi cha kahawa ya kuuza nje. Wakulima wa mlima Elgon, ambao buni zao zilikusanywa na Chama cha Ushirika cha Bugisu kilichoanzishwa mwaka 1954, waliishi chini ya migawo hiyo bila kumjua hata mmoja wa walioiandika. Migawo ilipovunjika Julai 1989 bei iliporomoka, na habari zikawafikia mlimani kwa njia ya mfuko mtupu.

Mchumi huyo alitumwa Afrika mara kwa mara, na safarini alichukua kamera ambayo Lélia aliinunua kwa ajili ya masomo yake ya usanifu wa majengo. Akaona kuwa picha anazorudi nazo zinampendeza kuliko ripoti anazoandika. Mwaka 1973 akaacha kazi. Sisi tuliozoea kuitunza ajira kama mboni ya jicho tunashindwa kuamua kama ule ulikuwa ujasiri au wazimu. Yamkini mkewe, aliyekubali mshahara ule upotee, alistahili sifa zaidi.

Picha zake maarufu kuliko zote alizipiga mwaka 1986 katika mgodi wa dhahabu wa Serra Pelada, nchini kwao. Ni shimo kubwa mno, na ndani yake wachimbaji wapatao elfu hamsini wanapanda na kushuka ngazi, kila mmoja na gunia la udongo mgongoni. Kwa mtazamo wa kwanza jicho huona siafu. Ukizidi kutazama, siafu wanaanza kuwa watu: huyu ameshika kiuno, yule amemtupia mwenziwe jicho la hasira, wa tatu amesita kidogo kwenye ngazi kana kwamba amekumbuka jambo la nyumbani. Ripoti ya mchumi isingeweza kutuonyesha kusita kule. Lakini pia hatuambiwi yule aliyesita ni nani.

Mwaka 1994 alifika karibu na kwetu. Mwishoni mwa Aprili watu wapatao robo milioni waliikimbia Rwanda kwa muda wa siku moja hivi, wakavuka daraja la Rusumo na kuingia Ngara, nchini Tanzania, ambako kambi ya Benako ilitokea kama mji wa usiku mmoja. Salgado aliupiga picha umati ule. Rwanda haikuwa ngeni kwake, kwani aliijua tangu zama za uchumi wake. Mambo aliyoyaona yalimvunja hata akaiweka kamera kando kwa muda, akarudi kwenye shamba la baba yake lililokuwa limekauka, na mwaka 1998 yeye na mkewe wakaanzisha taasisi ya kuotesha msitu upya.

Mwandishi Mmarekani Susan Sontag, katika kitabu chake cha mwaka 2003 kuhusu picha za mateso, alimlaumu kwa kuwa maelezo yaliyo chini ya picha zake hayataji majina ya wanyonge anaowaonyesha. Hatukubaliani na kila kilichosemwa dhidi ya Salgado, hususa lile la kwamba huzuni haifai kuonyeshwa kwa uzuri. Nani angezitazama kama zingekuwa mbaya? Lakini la majina limetukaa moyoni. Wakati huohuo, katika kambi za Goma, mashirika ya misaada yalipiga picha za watoto waliopotezana na wazazi, yakazibandika ubaoni ili jamaa wapite na kusema: huyu ni wetu. Picha zile hazikuwa na sanaa yoyote, nazo zilirudisha watoto nyumbani.

Agosti 2024, msimu wa imbalu ulipofunguliwa pale Mutoto, mwanafunzi wetu mmoja alituletea picha ya umati, vijana wamepakwa unga, vumbi limetanda. Tulimwuliza kijana aliye mbele ni nani. Akajibu, "Ni watu tu, mwalimu." Hatukuwa na haki ya kumkemea, maana sisi nasi tulikuwa na "watu tu" thelathini ukutani. Baada ya kifo cha Salgado tuliwaagiza wanafunzi walete picha zenye majina. Mmoja alileta ya wanawake saba wakichagua buni. Majina yalikuwa sita. Wa saba alikataa kutajwa, akageuka, na kijana akampiga picha mgongo.

Likizo ya Desemba tuliichukua picha ya baba mpaka Jinja, katika mtaa wa Walukuba walikokuwa wakikaa wafanyakazi wengi wa viwanda. Mzee mmoja aliishika kwa mikono miwili, akaisogeza mlangoni penye mwanga, akaweka kidole. "Huyu nilimkopesha mpira wa baiskeli, mwanangu, hakunirudishia." Akamtambua na mwingine. Hakuonja chai tuliyoletewa mpaka tulipoyaandika majina yote mawili mbele yake, naye akarekebisha herufi moja. Nyuma ya picha sasa yamo majina matatu pamoja na la baba. Mzee ametuambia yuko mwenzao mmoja huko Bugembe, kiziwi lakini macho yake bado mazuri.