Kutoka Bisibisi hadi Chujio

Katika miaka ya 1990, pikapu nyingi zilizobeba matenga ya nyanya kutoka Ilula, Iringa, kuteremka mlima Kitonga zilikuwa Hilux za injini ya 3L: lita 2.8, bila tabo, bila kompyuta. Ya kwetu ilikuwa hiyo. Baba aliinunua, mimi nikaitunza, na ulaji wake wa mafuta ulikuwa mikononi mwa fundi pampu. Nyuma ya pampu palikuwa na skrubu: ukiikaza, mafuta yanaongezeka, gari linapanda kwa nguvu huku likitoa moshi mweusi, ukiilegeza kidogo, moshi unakatika na lita inakwenda mbali zaidi. Fundi alifungua nozeli, akazipima kwa pampu ya mkono aone kama zinanyunyiza ukungu au zinadondosha matone. Tone haliungui lote. Linalobaki hutoka kwenye ekzosi.

Fundi yule alinifundisha pia kuwa na daftari. Tulijaza tangi hadi shingoni, tukaandika kilomita, na tulipojaza tena tukagawa kilomita kwa lita. Hesabu ikishuka, tulikagua chujio la hewa, upepo wa tairi, na kama kuna breki inayoshika. Alikataa katakata kushuka Kitonga kwa nyutro, ingawa wengi waliamini wanaokoa mafuta. Ukiwa kwenye gia na mguu umeuinua, pampu hukata mafuta na injini hulizuia gari. Ukitoa gia, injini huendelea kunywa, na uzito wote huziangukia breki.

Kisha ikaja miaka ya uchakachuaji. Mafuta ya taa yalitozwa kodi ndogo, wafanyabiashara wasio waaminifu wakayachanganya na dizeli. Pampu ya dizeli hulainishwa na dizeli yenyewe. Mafuta ya taa ni mepesi mno kwa kazi hiyo, na vyuma vikasagana. Mwaka 2010 EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji, ilianza kuweka vinasaba (alama za kutambua mafuta yaliyochanganywa) kwenye mafuta, na bajeti ya 2011 ikapandisha ushuru wa mafuta ya taa ili faida ya kuchanganya ipotee. Nilizipokea hatua hizo kwa shukrani, maana nilishaona pampu nzuri zikifa.

Tulipohamia kwenye Hilux ya injini ya D-4D, bisibisi haikuwa na kazi tena. Kompyuta ndiyo inayopima mafuta, na injekta hunyunyiza kwa shinikizo la zaidi ya baa 1,000. Nafasi kati ya vyuma vyake hupimwa kwa mikroni, hivyo maji kidogo au vumbi jembamba linatosha kuiua, na bei ya injekta moja inaumiza. Matunzo yakahamia kwenye chujio: kumwaga maji yaliyotuama chini yake, kutopuuza taa yake kwenye dashibodi, kulibadilisha kabla ya muda kwisha, na kununua dizeli kwenye kituo chenye wateja wengi, ambako mafuta hayakai sana.

Kwa vijana wanaoniuliza namna ya kupunguza ulaji wa mafuta, jibu langu ni hili. Wakati wa 3L, gari likianza kunywa sana tulikuwa bado na nafasi ya kulirekebisha. Kwa injini za leo, ukiona hesabu imeshuka kwa sababu ya injekta, hasara imeshaingia. Uchumi wa mafuta sasa huanzia kwenye usafi, na chujio halisi linunuliwe kabla injini haijalidai.