Mwenzetu Anarudi Kusoma Sheria: Sisi Tunamsaidia Nini?



Katika mikutano yetu ya siku hizi tumeongea sana juu ya mwenzetu mmoja anayetaka kurudi inivesite. Lisansi ya sheria anayo, watoto anao wanne, na meza yake ya unga iko soko la Kenya. Sasa anataka kuendelea na masomo ya juu, Mungu akipenda mpaka udaktari. Wengine wetu waliuliza: "Diploma anayo tayari. Anatafuta nini tena?" Ulizo hilo ni la haki, na inafaa tulijibu pamoja.

Kwanza tukumbuke njia ilivyokuwa. Inivesite ya mji wetu ilianzishwa mwaka 1955, wakati mji uliitwa Elisabethville. Mwaka 1971 serikali iliunganisha inivesite za nchi kuwa moja, UNAZA, na masomo ya sheria yakakusanywa Kinshasa. Mtoto wa Katuba au Kamalondo aliyetaka kuwa avoka alipaswa kwenda zaidi ya kilomita 1,500. Ni wazazi wangapi waliokubali kumwacha binti aende mbali hivyo? Tangu 1981 UNILU inajitegemea, na leo sheria inasomwa hapa hapa Lubumbashi. Mama anaweza kusoma na jioni akapika bukari ya watoto wake.

Tena, lisansi inamfundisha mtu sheria inasema nini. Masomo ya juu yanamtuma aende kuangalia kama watu wanaishi kufuatana na sheria hiyo, na kama sivyo, ni kwa sababu gani.

Tuchukue mambo ya ndoa. Kitabu cha Sheria za Familia cha mwaka 1987 kilisema mke hawezi kupeleka kesi ya madai, kununua wala kuuza mali bila ruhusa ya mume, isipokuwa katika mambo machache. Hata mwanamke aliyesoma sheria, akiolewa, ilimhusu. Sheria ya tarehe 15 Julai 2016 iligeuza hayo. Lakini katika mitaa yetu bado wako wamama wanaodhani ruhusa ile ni ya lazima, na wako waume wanaowaacha wadhani hivyo.

Au tuchukue mambo ya wajane. Watoto wa marehemu wanapata robo tatu za urithi. Mjane anahesabiwa katika kundi la pili, pamoja na wazazi na ndugu za marehemu. Lakini sheria inampa mjane haki ya kuendelea kutumia nyumba aliyokaa na mume wake. Sisi tumelia pamoja kwenye matanga, na tumeona: watu hawajatawanyika, funguo za nyumba zimeshachukuliwa.

Kwa nini mjane haendi tribinali? Labda ndoa haikuandikwa komini. Labda anaogopa watoto watatengwa na jamaa ya baba yao. Labda karatasi ni za Kifaransa tupu. Majibu hayo ni wajane wenyewe wanaoyajua, na ndiyo mwenzetu anayotaka kuyatafuta.

Hapo mjane mmoja kati yetu aliuliza: "Na kama shemeji zangu watasoma niliyoyasema?" Tulinyamaza wote. Mwisho tulikubaliana hivi. Hakuna jina wala namba ya nyumba itakayoandikwa. Anayekataa kujibu asiombwe mara ya pili. Na mbele ya kupeleka kazi yake kwa maprofesa, mwenzetu atatuelezea kwa Kiswahili, mkutanoni, yale aliyoyakuta.

Sisi nasi tuna sehemu yetu. Zamu yake ya likelemba tumeisogeza mbele ili alipe minervali. Siku za masomo, mmoja wetu atakaa kwenye meza yake sokoni. Na mume wake, ambaye alikuja kutusikiliza, alisema usiku umeme ukiwapo, meza ya chumbani ni ya vitabu. Tulimpigia makofi.

Udaktari ni kazi ya miaka. Wakati tunangoja, kila mama aangalie jambo moja nyumbani kwake: je, ndoa yake imeandikwa? Mali ikishatolewa katika jamaa, sheria inataka ndoa iandikishwe komini ndani ya mwezi mmoja. Asiye na karatasi hiyo aende kuuliza komini, yeye pamoja na mume wake, wangali wazima wote wawili. Mwenye nayo aiweke pahali ambapo watoto wake wakubwa wanapajua.