Magamba ya Ufukwe wa Ujiji

Mgeni anayefika Ujiji huelekezwa kwanza kwenye mnara wa kumbukumbu, mahali ambapo Stanley alikutana na Livingstone mwaka 1871. Nasi tulianzia hapo, kisha baada ya sala ya Alasiri tukateremka kuelekea ziwani. Zama zile maji yalikuwa karibu zaidi na mji. Mnamo mwaka 1878 ziwa lilifungua njia yake ya Mto Lukuga, upande wa Kongo, na katika miaka iliyofuata likashuka kwa takriban mita 10. Baadhi ya mchanga tuliokuwa tukiukanyaga, basi, uliwahi kuwa chini ya maji.

Katika ukingo uliomegwa na mvua, watoto waliofuatana nasi waliona kitu cheupe kikichungulia. Walikifukua kwa vidole, taratibu, na mikononi mwao likatoka gamba la konokono, zito, lisilo na rangi, lenye ukubwa wa kidole gumba. Wakaliona la pili, na la tatu. Kwa nusu saa hakuna aliyekumbuka kwamba tulikuja kutazama machweo.

Mzee mmoja aliyekuwa akishona wavu alitabasamu. “Hayo, wanangu, hata babu zetu waliyakuta,” alisema.

Kauli yake ina ukweli mkubwa. Konokono huyo wataalamu humwita Neothauma tanganyicense. Magamba yake hayaozi upesi, kwa kuwa maji ya Tanganyika yana madini yanayoyahifadhi, na humo ziwani yametandazwa kama zulia. Vipimo vya kaboni vilivyofanywa katika eneo la Kigoma vimeonyesha kwamba tandiko moja huchanganya magamba ya karne nyingi, mengine yakiwa na zaidi ya miaka elfu moja. Hayajageuka jiwe kama visukuku vya kale, lakini yamo njiani.

Wapo waliotutangulia katika furaha hii. Februari 1858 Richard Burton na John Speke walifika Ujiji. Speke alikuwa askari, tena macho yake yalikuwa yakimuuma hata akashindwa kuliona ziwa vizuri, lakini aliondoka na magamba. Mwaka 1859, huko London, mtaalamu S. P. Woodward aliyaeleza kwa mara ya kwanza katika maandishi ya sayansi, na aina mbili za chaza zikapewa majina ya wasafiri hao wawili.

Baadaye alikuja J. E. S. Moore, aliyeona kwamba konokono wa Tanganyika wanafanana mno na visukuku vya bahari ya kale. Katika kitabu alichokichapisha mwaka 1903, alidai kwamba ziwa hili ni mabaki ya bahari. Dai hilo halikusimama. Ziwa lina umri unaokadiriwa kuwa miaka milioni 9 hadi 12, ilhali visukuku alivyolinganisha navyo vina zaidi ya milioni 140. Watafiti wa baadaye walieleza kwamba unene wa magamba hayo ni ngao dhidi ya kaa wa ziwani wenye magando ya kuyavunja. Hivyo mfanano peke yake si ushahidi wa undugu.

Wala magamba matupu hayakosi wenyewe. Wako samaki wadogo wanaoishi na kutaga mayai ndani yake, na madume ya aina moja huyakusanya kwa midomo na kuyarundika ili majike wapate makazi. Udongo unaoporomoka kutoka vilima vilivyokatwa miti huingia ziwani na kuyafukia makazi hayo. Kwa hiyo mche unaopandwa kwenye mteremko wa Kigoma unamlinda samaki ambaye aliyeupanda huenda asimwone kamwe.

Familia itakayotembea ufukweni ichukue daftari na penseli. Mkiona gamba, andikeni lilipokuwa: juu ya mchanga au ndani ya tabaka, hatua ngapi kutoka majini, na kina chake. Lichoreni, kisha lirudisheni. Gamba lililoondolewa bila maelezo hubaki pambo la kabati. Lililoandikiwa mahali pake huweza kusema maji yaliwahi kufika wapi. Na mkikuta mfupa uliogeuka jiwe, msiuchimbe. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda mabaki hayo, na uchimbaji wake huhitaji kibali. Toeni taarifa kwa afisa utamaduni au ofisi ya serikali iliyo karibu.

Watoto wetu waliyarudisha magamba mawili mahali pake. La tatu walimpa mzee aliweke wenyewe anapopajua. Alilitazama, akaligeuza, akalitupa majini kwa mkono wa mvuvi. “Huko kuna mwenye haja nalo,” akasema, akaendelea na wavu wake.